Choo kinajaa kila baada ya miezi mitatu, tutie dawa?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tuko Vingunguti, nyumba ya wapangaji sita. Maji ya choo, ya kuoga na ya kufulia yote yanaingia shimo moja. Tulivuta kwa gari mwezi wa kwanza, sasa limejaa tena. Fundi anatuuzia dawa ya unga. Anasema inakula kinyesi chote, na maji yatakayobaki ni safi, tuyafungulie tu mtaroni mvua ikinyesha. Mtaro wenyewe unaingia Msimbazi, nasi hatutaki kuuchafua mto. Dawa hiyo inafaa?

Jibu: Marahaba. Haifai, na wiki haipiti sijaulizwa habari za huo unga.

Shimo lenu halijajaa kinyesi, dada yangu. Limejaa maji. Kule bondeni maji ya ardhini yako juu, hasa masika, kwa hiyo badala ya maji ya shimo kunywewa na ardhi, ardhi ndiyo inayolijaza. Juu yake watu wa vyumba sita wanaoga na kufulia humo humo. Pima mwenyewe: fungua mfuniko, shusha mti mrefu ulionyooka taratibu. Utateleza ndani ya maji bila kizuizi, kisha utagota kwenye tope. Utoe uone tope limeshika hadi wapi. (Usiwe na sigara mkononi, na asiingie mtu shimoni hata kwa dakika moja, hewa ya mle inaua.) Nimepima mashimo yanayofurika ambayo tope lake halifiki hata magotini. Sasa unga utakula maji?

Bakteria wa kula kinyesi wamo tayari, bure, kila anayeingia chooni anawaongeza. Vinavyowashinda ni mchanga, nepi, pedi na vitambaa, na hivyo hata unga hauvigusi. Tena baadhi ya hizo paketi ni kemikali kali tu: ukimwaga panachemka, harufu inakata, mteja anashangilia. Kumbe waliokufa ni wale wale waliokuwa wakimfanyia kazi.

Lakini kuibiwa hela ni jambo dogo. Linalonikera ni hilo neno "maji safi". Harufu ikikata, maji hayajasafika. Mayai ya minyoo hukaa hai kwenye tope miezi na miezi, na hayana harufu. Na mtaro wa mvua hauendi kwenye mabwawa ya majitaka, ingawa wengi wanaamini hivyo; unaingia mtoni kama ulivyo, bila kuchujwa popote. Kutoka kwenu mto unapita kwenye bustani za mchicha, unakwenda Jangwani ambako ukifurika unaingia vyumbani mwa watu, ndipo ufike baharini pale Daraja la Salenda. Mchicha huo mnaununua nyinyi. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani, waliokuwa wakitapisha vyoo, yaani kufungulia majitaka mtaroni mvua ikinyesha, walikuwa bado wanasema mvua itayapeleka. Yapelekwe wapi?

Cha kufanya: toeni maji ya kuoga na kufulia kwenye shimo la choo. Yachimbieni shimo lake fupi la kokoto, mbali na mto, au mengine mwagieni migomba. Hapo ndipo mtaona choo kinakaa. Nepi na pedi ziende kwenye taka. Hela ya gari ichangwe kila mwezi pamoja na ya umeme, msingoje hadi kifurike. Gari lisipopita uchochoroni, wapo vijana wenye pampu ya mkono na mapipa. Hao nao ni halali wakimwaga panapotakiwa. Kwa hiyo muulizeni dereva, na kijana wa pampu pia, anakwenda kumwaga wapi, na msimlipe yote kabla hajaleta stakabadhi ya mabwawani. Kuna wanaovuta kwako usiku na kufungulia korongoni mtaa wa pili, na bei yao siku zote ni ya chini.

Na kama shimo lenu lina lile bomba la inchi nne ubavuni, lililozibwa kwa gunia likisubiri mvua, nimeliona kwenye nyumba nyingi mno, mwiteni huyo fundi arudi na saruji.