Kindi mweupe kwenye mwembe: anza na macho yake

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nakaa Ipuli, Tabora. Nyuma ya nyumba yetu kuna mwembe mkubwa, na tangu mwezi uliopita anakuja kindi mweupe akiwa pamoja na wale wa kawaida. Kuna majirani wanaosema ni albino, wengine wanasema kajigaragaza kwenye majivu, na bibi mmoja anatuambia tusimsogelee kwa sababu ni dalili mbaya. Nimempiga picha kwa simu mara nyingi, lakini anatoka kama bonge la pamba lisilo na uso. Nitajuaje ni nini hasa, na nifanyeje aonekane vizuri?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Una bahati kubwa. Nimezunguka na kamera kwenye miombo ya huko kwenu miaka mingi, na kindi mweupe nimemwona mara moja tu, tena kwa mbali.

Jibu la swali lako la kwanza limo machoni mwake. Kindi albino mwili wake hautengenezi kabisa melanini, ile rangi inayotia weusi kwenye manyoya, ngozi na macho. Kwa hiyo macho yake huwa ya waridi au mekundu, kwa sababu unachokiona ni mishipa ya damu iliyo ndani. Akiwa mweupe lakini macho ni meusi kama ya wenzake, hiyo ni hali nyingine, wataalamu huiita leusizimu: manyoya yamekosa rangi, macho yamebaki nayo. Marekani kuna miji miwili midogo inayojivunia kindi weupe, na inaonyesha tofauti hii vizuri. Wale wa Olney, jimbo la Illinois, ni albino wenye macho ya waridi. Wale wa Brevard, North Carolina, ni weupe wenye macho meusi.

Habari ya majivu usiidharau. Kindi hupita kwenye magogo yaliyoungua akapata masizi, na kiangazi vumbi letu jekundu humfanya aonekane wa rangi ya kutu. Lakini uchafu haukai sawasawa mwili mzima. Mtazame tumboni, nyuma ya masikio na kwenye shina la mkia, kisha mtazame tena baada ya mvua. Kama bado ni mweupe kila mahali, majivu hayahusiki. Akiwa na mabaka yasiyo na manyoya na anajikuna sana, huyo ana ugonjwa wa ngozi. Na ukisikia mtu wa upande wa Ziwa Tanganyika anasimulia kindi mwenye mistari mgongoni, huyo hana kasoro yoyote. Ni aina yake, inayobeba jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya wanyama maeneo ya Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Sasa picha. Kwanza kabisa, usiwashe flashi. Mwanga wake huingia jichoni, hugonga mishipa ya damu iliyo nyuma na kurudi kwenye kamera ukiwa mwekundu. Kindi mwenye macho meusi atatoka na macho mekundu, na hapo umepoteza ushahidi pekee uliokuwa unautafuta. Nimeletewa picha nyingi za wanyama “albino” ambazo ualbino wao wote ulitoka kwenye flashi.

Lile bonge la pamba linatokana na namna simu inavyopima mwanga. Simu hukadiria kwamba ukichanganya vitu vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha wastani. Majani ya mwembe ni mengi na ni meusi, kindi ni mdogo na ni mweupe. Simu inaona giza, inaongeza mwanga, majani yanapendeza na kindi anaungua, yaani anabaki weupe mtupu usio na alama yoyote. Dawa ni kuipunguzia mwanga wewe mwenyewe. Gusa kioo pale alipo kindi, shikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha telezesha alama ya jua chini hadi uanze kuona nywele mojamoja. Majani yatakuwa meusi mno. Yaache, unaweza kuyaongezea mwanga baadaye. Weupe ulioungua haurudi kwa programu yoyote. Kwa kamera, shusha fidia ya mwanga (ile alama ya +/−) hadi −1, na kasi ya shata isipungue 1/500 ya sekunde kwa sababu kindi hatulii.

Chini ya mwembe mwanga wenyewe ni wa kijani, na asubuhi jua ni la njano, hivyo rangi inaweza kukudanganya. Akishaondoka, weka karatasi nyeupe karibu na pale alipokuwa na uipige picha kwa mpangilio uleule. Ukizilinganisha utajua kama manyoya ni meupe kweli au ni ya krimu.

Usivute zumu ya simu hadi mwisho, inakula ubora wa picha. Kama kuna mtu wa kukuazima darubini, weka jicho la simu kwenye kioo cha darubini. Inashangaza inavyofanya kazi. Kaa mahali pamoja jua linapoanza kupasha matawi, maana kindi hutoka tunduni na kuota jua kwanza kabla ya kwenda kutafuta chakula. Mara nyingi ana njia zake. Ukiona tawi analopita leo, kesho mngojee hapohapo. Akianza kutikisa mkia na kupiga kelele za mfululizo amekuona, au ameona nyoka au mwewe, usisogee.

Kuhusu yule bibi, mweleze kwa heshima kwamba ni mtoto wa kindi wa kawaida aliyerithi upungufu wa rangi, na kwamba wazazi wake wanaweza kuwa wa kijivu wote wawili. Lakini nakuomba sana: kabla ya kumtumia mtu picha, zima mahali simu inapoandika eneo, na usitaje mtaa wala nyumba. Huku kwetu watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za dawa, na anayeamini hivyo hatashindwa kumfuata kindi. Vijana wenye manati nao uzungumze nao mapema.

Ukipata picha moja ya jicho bila flashi, nitumie pamoja na ile ya karatasi.