Kwaya yako inataka kuimba michezo ya watoto wa Kikorea? Chezeni kwanza

Mliozoea nikiandika mambo ya kwaya za kanisani leo mnivumilie kidogo. Huku jimbo la Georgia, Marekani, tunakoishi, mji wa Duluth umejaa Wakorea, ukija upande wa Clarkston unakutana na Wakongo, Warundi, Waburma, kila taifa, kwa hiyo ukifundisha kwaya ya watoto maeneo haya lazima upate mchanganyiko. Na wapo watunzi waliokulia ugenini ambao wanachukua michezo ya utotoni kwao wanaigeuza nyimbo za kwaya, na mwalimu mwenzangu akishapata nota za namna hiyo swali la kwanza ni lile lile, naanzia wapi?

Usigawe karatasi kabla watoto hawajaucheza mchezo wenyewe. Huo ndo ushauri wangu mkubwa, mengine yote yanafuata hapo.

Chukua mchezo wa mugunghwa kkochi pieotseumnida, maana yake ua la mugunghwa limechanua, ule ambao dunia nzima imeujua kupitia tamthilia ya Kikorea ya Squid Game mwaka 2021, lile lidoli linageuka ukitikisika tu kwisha habari yako. Watoto wakisikia jina wataanza kujiangusha chini wamekufa, waache wamalize vituko vyao, halafu wafundishe wa kweli ambao hafi mtu. Mmoja anaegemea ukuta kaziba macho anatamka yale maneno, yana silabi kumi na watoto wa Korea huyatumia kama kuhesabu mpaka kumi, wenzake wananyatia kutoka nyuma, akimaliza anageuka ghafla na akikuona unatikisika unakuwa mateka wake, mnashikana vidole mnapanga mstari mpaka atokee mjanja wa kuja kuukata ule mstari kwa mkono, hapo wote mbio.

Sasa utamu wote uko kwa anayehesabu maana hahesabu sawasawa. Anavuta mwanzo taratiiibu, muuu-guuung-hwaaa, akihisi mmejisahau anamalizia chapchap pieotseumnida na kashageuka! Hiyo kasi ya kuvuta na kuachia hakuna nota inayoweza kuibeba yote. Kwaya iliyocheza ikifika neno la mwisho inaganda kweli, mpaka pumzi, na kwaya ambayo haijacheza utaisikia kabisa inahesabu moja mbili tatu nne kichwani. Mi jukwaani nawapa watoto mgongo, naangalia watazamaji, naanza kuhesabu mimi mwenyewe huku wao wanasogea mbele hatua kwa hatua wakiimba kwa sauti ya chini, nikigeuka kimya. Kuna dogo wa sauti ya pili siku ya onyesho aliganda mguu mmoja uko juu, kiatu kinaning'inia kwenye kidole gumba, ukumbi mzima ukawa unakiangalia kiatu, na mimi nikakivuta kile kimya makusudi nione kitaanguka lini.

Halafu jamani, sisi tuliotoka kwaya za Bongo tuna ugonjwa wa kujaza kila kitu sauti nne. Ule wimbo wa kuhesabia una nota chache mno, ukiuwekea besi na teno zinazotembea umeuzika. Uache mtupu, sauti nyingine zifanye kazi ya kunong'ona, kupiga makofi, kugonga vijiwe. Vijiwe nasema kwa maana, kuna mchezo wao unaitwa gonggi, mawe matano, unarusha moja juu unaokota mengine, kwanza moja moja, kisha mbili mbili, unaendelea hivyo, mwisho unayarusha yote unayapokea kwa mgongo wa kiganja. Mdako kabisa! Watoto wetu waliocheza mdako hawakuhitaji maelezo, na ile sauti ya mawe kugusana sakafuni ndo tukaifanya mapigo ya wimbo.

Upande wa uhamiaji nao una mtego wake. Usimsimamishe mtoto wa Kikorea mbele ya wenzake umwambie haya tufundishe mila zenu. Wengine wamezaliwa hapa hapa, gonggi wameiona YouTube kama wewe. Mwite bibi yake. Sisi tulipata bibi mmoja, watoto wote wakawa wanamwita halmoni, yaani bibi kwa Kikorea, kama wajukuu zake wanavyomwita, akakaa kwenye kiti cha plastiki akawarekebisha matamshi bila huruma. Mama mwingine akatusimulia yeye alichezea gonggi juu ya boksi nyuma ya kaunta ya dobi la wazazi wake, maana baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 Wakorea wengi walikuja Marekani wakaishia kwenye biashara ndogo ndogo, na mtoto anashinda dukani mpaka kufunga. Alisimulia anacheka. Kwa hiyo tafadhali usiharakishe kuweka piano ya huzuni kila ukisikia neno mhamiaji, mtoto anayecheza nyuma ya kaunta anataka kushinda tu.

Ukihitaji kitu cha taratibu kipo, Bandal, wimbo wa Yun Geuk-yeong wa mwaka 1924, Korea ikiwa chini ya Wajapani. Unahusu mwezi nusu kama chombo cheupe kinachoelea angani kuelekea magharibi, hakina mlingoti wala kasia, ndani kuna sungura. Wasichana wameucheza miaka na miaka kwa kupigiana makofi wawili wawili. Anza na makofi, taratibu, kisha ongeza kasi mpaka wakosee wacheke, ndo urudi kwenye kasi ya kuimbia, utaona maneno yenyewe yameshakaa mdomoni. Ila huyu mtunzi amefariki 1988, usije ukauchukulia kama wimbo wa mababu usio na mwenyewe. Kabla hujaupangia sauti na kuurekodi ulizia haki zake, na fanya hivyo mapema maana majibu hayaji kwa wiki moja.