Kiuno hakidanganyi: barua kwa mwanangu aliye Kolwezi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa sauti, ili mama yako aisikie akiwa anasonga bukari, ugali wetu. Unauliza kama uache kucheza sasa ukawe msaidizi wa kocha hapo Kolwezi, au umalize msimu kwanza. Halafu, kwa sababu unajua pa kumshika baba yako, ukaongeza kuhusu Patrice Carteron, yule Mfaransa aliyekuwa kocha wa Mazembe yetu: "Carteron naye si alikuwa beki?"

Alikuwa beki, tena beki wa kulia. Mzaliwa wa Saint-Brieuc, 1970. Alicheza Lyon, baadaye akavaa jezi ya Saint-Étienne, na mjomba wako, ambaye ni shabiki wa Lupopo mpaka kwenye kucha, kila nikimweleza jambo hilo anatikisa kichwa. Kule Ufaransa hizo ndizo Mazembe na Lupopo wao, mahasimu kama hawa wetu wa Lubumbashi. Fikiria mtu anatoka huku kwetu Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, anakwenda kwa Lupopo, halafu anarudi nyumbani kula! Na akiwa kocha akafanya vilevile Misri: 2018 yuko Al Ahly, 2019 yuko Zamalek. Mimi nadhani ni ubeki huo. Beki wa pembeni anakimbia dakika tisini miguuni pa mashabiki, matusi ya pande zote mbili ameshayazoea.

Unachotaka kusikia ni hiki: mpira aliumalizia Cannes, na ukocha akauanzia Cannes hapohapo. Kisha Dijon, akaipandisha hadi daraja la kwanza mwaka 2011. Kisha Mali, nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika 2013. Mwaka huohuo akaja kwetu Mazembe. Kwa hiyo njia ipo, imeshapitwa. Lakini hakuna kocha anayepatikana kwa kuacha kucheza tu. Ninalokuambia tangu ukiwa mdogo ndilo hilohilo: mpira unadanganya, kiuno hakidanganyi. Winga anaweza kuuzungusha mpira mara tano, wewe tazama kiuno chake, ndipo anapokwenda. Beki anayejua kutazama kiuno akiwa uwanjani, akikaa kwenye benchi atawaona watu wake hivyohivyo. Ndivyo ninavyoamini.

Ingawa mimi mwenyewe nilikuwa beki, na wewe unajua nilivyokuona siku ile.

Usiseme umesahau. Uwanja wa vumbi kule Katuba, vijana wa Kenya, ile wilaya ya hapa Lubumbashi, wamekuja na winga yule mfupi, anatumia mguu wa kushoto. Nilikuwa kocha wa timu ya kartie, mtaa wetu, na kocha anayempanga mwanawe anasemwa hata kabla ya filimbi. Alikupita mara ya kwanza. Akakupita mara ya pili, wakafunga. Nikakutoa. Dakika ya ishirini na saba, mbele ya mama yako, mbele ya wale wasichana wa nyumba ya jirani. Ulitoka ukiwa umeinamisha uso, nami nikasema kwa sauti, ili wasikie wale waliokuwa wakinung'unika, kwamba kwangu hakuna mtoto wa kocha.

Usiku mama yako akaniita uani. Alikuwa ameziloweka soksi zako kwenye beseni na maji yamekuwa mekundu. Viatu nilivyokununulia vilikuwa namba 41. Mguu wako ulikuwa umeshafika 43, na wewe hukusema kwa sababu ulijua vilinunuliwa kwa fedha gani. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka nusu. Mtaalamu wa viuno! Nilikaa nimemkazia macho yule winga, mtu wangu mwenyewe sikumtazama.

Sasa unisikilize vizuri, maana hapa huwa nabishana na nafsi yangu. Kukutoa kulikuwa sawa. Mchezaji asiyeweza kugeuka anatolewa, hata Carteron angekutoa. Lakini mimi sikukutoa kwa sababu ya mguu, nilikutoa kwa sababu ya watu. Basi haikuwa sawa. Lakini tulishinda mechi. Lakini hilo halihusiani.

Ulinilipa miaka sita baadaye. Jumapili ile ya 8 Novemba 2015, tuko pamoja kwenye uwanja wetu, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe ya Carteron na USM Alger. Kule Algiers tulikuwa tumeshashinda 2-1, lakini mimi sikuwa na raha mpaka Samatta alipofunga penati, ikiwa imebaki robo saa. Assalé akaongeza la pili mwishoni kabisa. Kombe la tano. Nililia, na wewe ukanishika bega kama vile mimi ndiye mtoto. Tukiwa njiani, watu wanapiga masufuria, ukaniambia taratibu: "Papa, 2013 Carteron alipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya Sfaxien, hawakumtoa. 2014 Sétif wakamng'oa nusu fainali kwa mabao ya ugenini, hawakumtoa. Mimi uliniachia dakika ishirini na saba."

Ukacheka. Mimi pia nilicheka. Tulipofika nyumbani bukari haikupita kooni.

Ndiyo maana swali lako linanisumbua. Wewe unaniuliza lini uache kucheza. Mimi nataka kujua, siku ya kwanza watakapoanza kunung'unika nyuma ya benchi, utageuka uwatazame wao au utatazama miguu ya vijana wako? Huyo kocha mkuu wako anatazama wapi? Umeshamwona akimtoa mtu?

Mama yako amesoma mpaka hapa anasema nimejaza kurasa na sijajibu. Anataka niandike neno moja, sasa au baadaye. Mimi ningesema umalize msimu... Hapana, lifute hilo. Hayo ni ya kwako, mimi siwezi kukutoa tena kutoka pembeni ya uwanja. Ila lile goti la kushoto uliloligusia mwishoni mwa barua, mstari mmoja tu, kama kitu kidogo: linauma ukipanda ngazi au ukishuka? Linavimba usiku? Nijibu hilo kwanza.

Papa yako