Diski Inayokufa Usiitengeneze, Inakili

Kosa langu lilikuwa kujifanya daktari. Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, na wakati huo nilikuwa na diski ya nje iliyojaa picha za harusi na matanga nilizowapigia watu. Siku moja ikaanza kufungua folda kwa mwendo wa kobe. Nikaandika dmesg, amri ya Linux inayoonyesha ujumbe wa mfumo, nikakuta mistari mfululizo ikilalamika kwamba sekta fulani, yaani vipande vidogo vya diski, hazisomeki. Nikapiga fsck -y, amri inayokagua mpangilio wa faili na kuutengeneza bila kuuliza, nikatoka kunywa chai.

Niliporudi, folda nzima ya matanga haikuwepo. Picha zilikuwa zimetupwa ndani ya lost+found, folda ambamo fsck huweka faili zilizopoteza mahali pake, kila moja ikiitwa namba tu: #131085, #131086, na nyingi hazikufunguka. Wenyewe walinipigia simu mpaka nikaizima.

Tatizo ni kwamba fsck huandika juu ya diski. Ile iliyochoka ina pumzi chache, na pumzi hizo ni za kunakilia peke yake.

Kwa hiyo mwalimu mmoja jirani aliponiletea diski ya laptopu ya GB 320, yenye alama za wanafunzi na video za watoto wake, sikuifungua hata folda moja. Ubuntu, aina moja ya Linux, hupenda kuifungua diski yenyewe mara tu unapoichomeka, basi niliifunga hapo hapo kwa umount, bila kuichomoa. Nikaandika lsblk kujua jina lake, ikawa sdb, halafu smartctl -a /dev/sdb, inayosoma rekodi ya afya ya diski. Tazama mstari wa Current_Pending_Sector, unaohesabu sekta zilizoshindwa kusomeka: ukisoma sifuri, chunguza kebo kwanza. Hii ilikuwa na mamia.

Chombo chenyewe ni ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi kinaitwa gddrescue, jambo linalowachanganya wengi. Nakala iende kwenye diski nyingine nzima yenye nafasi ya kutosha, na isiwe ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, kwa sababu hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4. Nilianza hivi:

ddrescue -d -n /dev/sdb mwalimu.img mwalimu.map

Kwanza inachota palipo pazima na kuruka pabovu, bila kung'ang'ana. Lile faili la mwisho, la map, usilisahau kamwe. Stima ilipotea saa nne usiku, kama kawaida yetu. Iliporudi nilirudia amri ile ile, ikasoma ramani yake na kuendelea ilipoachia. Bila ramani ningeanza upya, na sidhani diski ingekubali mara ya pili. Asubuhi nikabadilisha -n kuwa -r3 ili irudie sehemu mbovu mara tatu. Feni niliielekeza kwenye diski usiku kucha. Joto la Kisumu mnalijua.

Kuna wanaokushauri uiweke kwenye friji. Ukiitoa itatoka jasho, na maji ndani ya diski si dawa. Na ikiwa inagonga, ta-ta-ta, izime. Hapo kichwa cha kusomea huenda kimeharibika, na hakuna amri ya Linux inayotibu hilo. Mtafute fundi mwenye chumba kisicho na vumbi, ujiandae kulipa.

Matengenezo yote nilifanya kwenye nakala ya nakala. Niliiunganisha kwa losetup -fP, inayofanya faili lionekane kama diski, nikaifungua kwa mount -o ro, yaani kwa kusoma tu, na alama zote zikaonekana na majina yake. Folda moja ya video ndiyo iliyogoma, nikaipitishia photorec, programu ya kutafuta faili zilizopotea. Hiyo huokoa faili lakini majina hupotea, kwa hiyo mwalimu alikaa kwenye benchi langu akitazama moja moja na kuzipa majina. Video tatu tu zilikatika katikati.

Alipomaliza akaichukua ile diski ya zamani, akaipangusa kwa shati.

"Fundi, na hii?"

"Mwalimu, hiyo imekwisha."

"Hata ya kuwekea sinema tu?"

Akaondoka nayo.