Taimusheya isipouzika, usihangaike na bei

Mtu anayetaka kuachana na taimusheya, yaani umiliki wa makazi ya likizo kwa zamu, huanza na swali moja: nitapata pesa ngapi? Simlaumu. Siku anasaini aliambiwa kwamba ananunua mali, na mali huuzwa. Lakini kwa wamiliki wengi siku hizi jibu ni sifuri, au kitu cha jirani na sifuri, na wale wanaokaa wakingoja mnunuzi wa maana huendelea kutozwa ada mwaka baada ya mwaka. Mimi humrudishia swali jingine: ada hii itakoma lini, na ni nani mwenye uwezo wa kuikomesha?

Nimeliona jambo hili kwa pande mbili. Mimi na mwenzangu tulikuwa na wiki yetu kwa miaka mingi. Tuliinunua mkono wa pili kwa bei ya kutupa, watoto wakakua wanaijua, na sina majuto. Baadaye nikachaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya chama cha wamiliki, nikawa miongoni mwa wanaopitia bajeti kabla ya kupelekwa mkutanoni. Kwenye makaratasi yale nilijifunza mambo ambayo mgeni anayekuja na begi lake wiki moja kwa mwaka hayaoni.

Kwa asiyeifahamu, taimusheya iko hivi. Badala ya kununua nyumba nzima, unanunua haki ya kuitumia wiki moja kila mwaka, na wiki nyingine ni za wenzako. Mtindo huu ulianza Ulaya miaka ya 1960, ukaingia Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1974 ikaanzishwa RCI, na miaka miwili baadaye Interval International, kampuni zinazowawezesha wamiliki kubadilishana wiki zao na za mahali pengine. Baadaye wiki zikageuzwa pointi, ambazo unazitumia kama salio la kulipia vyumba. Kitu kimoja hakikubadilika: kila mwaka kuna ada ya matunzo, na unaidaiwa hata usipokanyaga pale.

Kwa nini haiuziki? Kwanza, bei ya kampuni inayokuuzia imebeba vitu vingi visivyo nyumba. Mle ndani mna kifungua kinywa cha bure, zawadi za kukuvutia kwenye kikao cha mauzo, kamisheni ya muuzaji na ya bosi wake. Nchini Marekani si ajabu wiki mpya kuuzwa dola 20,000 na zaidi, na anayekopa kwa kampuni hiyohiyo mara nyingi hutozwa riba ya asilimia 12 hadi 18 kwa mwaka. Ukitoka nje ya mlango, vitu vyote hivyo vimeshaliwa. Kinachobaki ni haki ya kulala pale na wajibu wa kulipa ada, na kama ada inakaribia gharama ya kukodi chumba cha aina hiyo wiki hiyohiyo, hakuna mtu mwenye akili zake atakayekulipa chochote juu yake. Ndiyo maana eBay, soko la mtandaoni, huwa na wiki zinazotangazwa kwa dola 1 na bado zinakosa mtu.

Pili, kampuni kubwa nyingi humnyima mnunuzi wa mkono wa pili baadhi ya faida: ngazi za uanachama, hoteli fulani, au uhuru wa kugeuza wiki kuwa pointi. Unachouza si kile ulichonunua. Na tatu, zamani familia iliyotaka jiko na vyumba viwili likizoni ilikuwa na njia chache. Leo mtu anafungua simu, anakodi nyumba nzima kwa siku tatu, na mwakani hadaiwi na mtu.

Sasa niseme jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Hatari kubwa ya taimusheya inayodorora ni majirani zako kuacha kulipa. Hiyo ya kushuka bei ni hasara iliyokwisha kutokea, huwezi kuirudisha. Hii nyingine inakuja kila mwaka.

Chukua mfano wa jengo lenye vyumba 50, kila kimoja kimegawanywa wiki 50. Hizo ni hisa 2,500. Tuseme kulitunza kunagharimu dola 2,000,000 kwa mwaka; kila mwenye wiki atalipa dola 800. Wengi walinunua wakiwa na umri wa makamo, sasa ni wazee. Wengine wamefariki na watoto hawataki urithi huo, wengine wamechoka. Mmoja kati ya watano akiacha kulipa, wanabaki 2,000. Paa halijui kwamba wateja wamepungua, linavuja vilevile. Gharama ni ileile, kwa hiyo kila aliyebaki atadaiwa dola 1,000. Ongezeko hilo linawasukuma wengine nje, wabaki 1,600, na ada ifike dola 1,250. Hakuna aliyeiba hata senti, na bima, umeme na mishahara sijavipandisha bado.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Unaangalia orodha ya wasiolipa ikiongezeka ukurasa, mhasibu anapendekeza kupandisha ada, na kila mtu mezani anajua kwamba ongezeko hilo ndilo litakalozalisha orodha ya mwaka ujao. Wiki zilizotwaliwa na chama kutoka kwa wadaiwa hazina mnunuzi. Zinakodishwa kwa bei ya chini kwenye tovuti za hoteli, na mwenye wiki anagundua kwamba mgeni wa chumba cha pili amelipa pungufu ya ada yake. Baada ya hapo mweleze nini?

Kwa hiyo, kabla hujaamua kubaki au kuondoka, omba bajeti na hesabu za mwaka uliopita. Kwa kawaida mwanachama ana haki ya kuziona. Mimi ninaanza na mambo matatu. Ni asilimia ngapi ya ada haikulipwa? Akiba ya matengenezo makubwa inatosha kubadilisha paa, lifti na mabomba, au imekuwa ikichotwa kufidia upungufu? Na je, kampuni iliyojenga bado inalipa ada za wiki isizouza, au imeshajitoa? Akiba ikiwa kavu, jiandae kwa mchango wa dharura, ambao hauulizi kama ulipanga. Soma pia kumbukumbu za mikutano ukizipata. Mle ndimo mnamoanza kunong'onwa habari za kulifunga jengo na kuliuza, jambo ambalo kwa wamiliki wa majengo ya zamani pengine ndilo jema kuliko yote, ingawa linahitaji kura nyingi na subira ndefu.

Utaniuliza: kama mambo ni mabaya hivi, mbona kampuni zinaendelea kuuza? Zinauza, tena wakubwa wanazidi kuwa wakubwa. Marriott Vacations iliinunua ILG, kampuni mama ya ile Interval International, mwaka 2018. Hilton Grand Vacations ilizichukua kampuni nyingine za taimusheya, Diamond Resorts mwaka 2021 na Bluegreen mwaka 2024. Lakini sehemu kubwa ya mauzo hufanywa kwa watu ambao tayari ni wamiliki, na mikopo isiyolipika imeanza kuwauma: mwaka 2024 Marriott Vacations ililazimika kutenga mamilioni ya dola zaidi kwa ajili hiyo. Kwako wewe mwenye wiki ya zamani maana yake ni hii: ukiitwa kwenye "kikao cha kuwapa wamiliki taarifa" ukiwa likizoni, umeitwa kuuziwa. Watakwambia kwamba tatizo la wiki yako litaisha ukiigeuza pointi kwa kuongeza dola elfu kadhaa. Usiende. Kama ni lazima upate ile zawadi, nenda, lakini kadi ya benki iache chumbani.

Aliyesaini juzi ana bahati, mradi asikawie. Sheria za nchi nyingi zinampa muda wa kughairi bila kutoa sababu: siku 14 katika Umoja wa Ulaya, ambako pia ni marufuku kupokea malipo yoyote ndani ya muda huo, siku 10 katika jimbo la Florida, 7 California, 5 Nevada. Andika barua kama mkataba unavyoelekeza, itume kwa njia inayokupa risiti, na usipige simu ya kuomba ushauri kwa yuleyule aliyekuuzia.

Aliyepitisha muda huo aanze na kampuni yenyewe. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu ya hasira, au kwa sababu muuzaji aliwaambia haiwezekani. Muuzaji si mtu wa kuuliza. Piga simu au andika, omba idara inayoshughulikia kurudisha umiliki, na uliza masharti. Kampuni nyingi kubwa sasa zina utaratibu huo, ingawa hazibandiki tangazo. Kwa kawaida zinataka mkopo uwe umeisha na ada isiwe na deni. Ukikataliwa, uliza tena baada ya miezi kadhaa. Majibu hubadilika kulingana na uhitaji wao wa wiki za kuuza upya. Sisi yetu ilirudishwa kwa njia hii, bila wakili, baada ya kukataliwa mara ya kwanza kwa adabu sana.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hata mzigo bila daftari hautuliki. Tafuta mkataba, hati, risiti za ada, barua zote. Umiliki ukishahamishwa, dai uthibitisho wa maandishi kwamba jina lako limefutwa kwenye rejista, na kama kuna hati iliyosajiliwa serikalini, dai nakala ya usajili mpya. Nimeona kwenye kamati watu waliomgawia jamaa wiki kwa mdomo, kisha ankara zikaendelea kuwafuata.

Kama kampuni haiitaki, igawe. Tangaza bure, na ujitolee kulipa ada ya mwaka ujao na gharama za kuhamisha. Inauma kumlipa mtu achukue kitu chako, lakini piga hesabu ya ada za miaka kumi ndipo useme kama ni ghali. Wiki chache bado zina bei: za msimu wa juu, mahali panapogombewa, au za majina makubwa. Hizo mpe dalali mwenye leseni anayelipwa baada ya kuuza.

Hilo la malipo baada ya kuuza likumbuke, kwa sababu soko lililodorora limezaa soko la matapeli. Wapo wanaoahidi "kukutoa" kwa dola elfu kadhaa za utangulizi kisha wakakuambia uache tu kulipa ada, na wapo wabaya zaidi: anakupigia mtu anajua jina la jengo lako na namba ya wiki, ana mnunuzi tayari, bei nono, na kinachotakiwa ni utume kwanza kodi au ada ya kuhamisha. Ukituma, kunazuka nyingine. Wakishakukamua, anapiga "wakili" au "ofisa wa serikali" wa kukurudishia fedha, naye anataka kitu kidogo. Mwaka 2023 Marekani iliziwekea vikwazo kampuni kadhaa za Mexico kwa kuhusishwa na genge la dawa za kulevya la CJNG katika utapeli wa namna hii huko Puerto Vallarta. Mnunuzi anayekupigia simu wewe, wakati wiki za dola 1 zimejaa mtandaoni, hayupo.

Na kuacha kulipa kimyakimya? Wapo waliofanya na dunia haikuanguka. Lakini unaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni, kuharibiwa rekodi ya mikopo, au kushitakiwa, na hayo yanategemea sheria ya mahali mkataba ulipo. Muone mwanasheria wa huko, lakini umtafute wewe, asiwe yule aliyekuja na simu. Wakati mwingine atakuta mlango usioutarajia: nchini Hispania, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2015 kwamba mikataba isiyo na ukomo, iliyofanywa chini ya sheria ya 1998 iliyoweka kikomo cha miaka 50, ni batili, na wamiliki wengi wakatokea hapo.

Wasiohitaji haya yote wapo. Kama unaitumia kila mwaka, akiba ya jengo ni nzuri, na ada bado ni chini ya kodi ya chumba cha hadhi hiyo, endelea kufurahia na usitishwe na makala, ikiwemo hii. Ila angalia mkataba wako una mwisho au la, na ongea na watoto. Mikataba mingi ya zamani ni ya milele. Mrithi kwa kawaida halazimishwi kuichukua, lakini anatakiwa kuikataa kwa maandishi, kwa muda uliowekwa, na kabla hajaitumia wiki hiyo au kuilipia ada hata mara moja. Waambie mapema mahali makaratasi yalipo, ili ankara ya kwanza ikija wakati wa msiba asitokee mmoja wao akailipa kwa heshima ya marehemu.