Glezi ya kahawia kwenye kabati jeupe

Dada, umesema glezi, ile rangi nyepesi inayopitisha mwanga unayoipaka juu ili kabati lionekane la kale, imeacha mabaka kwenye kabati ulilolipaka rangi nyeupe ya maji isiyong'aa. Rangi ya namna hiyo hunyonya, ndiyo maana unafuta na haitoki. Piga msasa laini, rudia nyeupe, ikikauka kabisa pitisha mkono mmoja wa vanishi ya maji isiyo na rangi. Ikikauka nayo, glezi itateleza na utapata muda wa kufuta.

Fanya mlango mmoja mmoja. Kwa joto la Dar glezi inakauka upesi mno. Isukume kwa brashi ndani ya nakshi na kona, halafu futa sehemu bapa kwa tambara la pamba lenye unyevunyevu. Ibaki kwenye mifereji tu. Ikitapakaa kote, kabati litaonekana chafu, si la kale. Na jaribu kwanza nyuma ya mlango.