Mwanangu, kuhusu vile vidonge vya kaka yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama umnunulie kaka yako vidonge vya probiotiki, vile vyenye bakteria hai wa kusaidia tumbo, maana ameacha pombe na tumbo linamsumbua. Kila nikishika kalamu nikujibu, anayenijia ni mjomba wako.

Ulikuwa mdogo, hukumwona alipoacha pombe ghafla, peke yake, kajifungia chumbani. Siku ya pili akaanguka kifafa. Daktari alituambia mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi ukinyimwa ghafla mtu anaweza kufa, akamtundikia dripu na kumpa vitamini B1. Kifafa chenyewe kimeanza kunitoka akilini. Asiyenitoka ni ndugu yetu aliyesimama mlangoni mwa wodi akasema, "Mlevi ni mlevi tu," na mgonjwa anasikia. Mpaka leo nikikutana naye salamu hunikwama kooni.

Mtu haachi pombe peke yake. Nimelisema hadi mmenichoka, na nitalisema tena.

Haya, vidonge. Nilitaka kuvipuuza, lakini nisivionee. Pombe kweli huharibu ukuta wa utumbo, sumu za bakteria zikapenya kwenye damu hadi kwenye ini. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kuwa waliokwisha kuacha pombe kwa wiki 3, lakini utumbo wao ukawa bado unavujisha, ndio waliozidiwa na huzuni, wasiwasi na hamu ya kunywa. Na huko Urusi, katika utafiti wa wanaume 66, waliopewa bakteria pamoja na matibabu ya kawaida kwa siku 5 vipimo vyao vya ini vilikuwa bora kuliko vya wenzao. Si haba. Ila siku 5 zitaniambia nini kuhusu mwaka mzima bila kulewa?

Ningekwambia acha, usinunue. Halafu namkumbuka mjomba wako siku aliyomaliza sahani nzima bila tumbo kumkata, akaomba aongezwe! Alicheka kama hajawahi kuugua. Tumbo likitulia mtu hupata moyo, nimeona kwa macho yangu.

Basi sisemi ndiyo wala hapana, japo ulimi unaniwasha. Amuulize daktari wake kwanza, hasa kama ini limeathirika sana au kinga ya mwili imeshuka, kwani bakteria hai hawamfai kila mtu. Dawa alizoandikiwa asiziache, wala wale wenzake anaokutana nao kuzungumza. Na ukinunua, usimtumie mtu. Mpelekee mwenyewe, jioni, saa zile hamu inapomshika, na usiwe na haraka ya kuondoka.

Mama yako